Usimlete mchawi mapema

Mswada wangu wa kwanza wa filamu ya kutisha iliyotokana na ngano ya kale ulimwaga damu ukurasa wa 2. Kisu, mchawi, watoto wanapiga mayowe. Mhariri aliusoma wote kisha akaniuliza, "Hawa watoto walifikaje msituni?" Nikajibu, walipotea.

Kumbe hawakupotea, walitupwa. Wewe unayeanza, anza hapo. Hansel na Gretel, ngano ya ndugu Grimm wa Ujerumani kuhusu kaka na dada wanaoangukia mikononi mwa mchawi msituni, toleo la 1812, inasema kuna njaa, na anayemshawishi baba akawaache watoto msituni ni mama yao mzazi. Toleo la 1840 ndilo lililomfanya mama wa kambo. Yaani waliokusanya ngano wenyewe waliona aibu wakapunguza makali. Huna haja ya kubuni giza jipya, rudisha lililofutwa.

Kisha itazame Gretel & Hansel , filamu ya mwongozaji Osgood Perkins, ya 2020. Inakwenda taratibu mno, nami kuna mahali nilisinzia. Itazame mara ya pili kwa jicho la fundi. Jina limegeuzwa kwa sababu Gretel ndiye mkubwa. Kila uamuzi ni mzigo wake, na kaka mdogo ana njaa. Halafu angalia meza. Nyumba iko peke yake porini, shamba hakuna, ng'ombe hakuna, lakini chakula kibichi na kilichopikwa hakikosekani. Gretel anajiuliza kinatoka wapi, na wewe unajiuliza naye huku mtoto akiendelea kula. Alice Krige, anayecheza mchawi, hana haja ya kufoka, anakaribisha. Marekani filamu hiyo ilipewa daraja la PG-13 (wazazi wanaonywa kuhusu watoto wa chini ya miaka 13), kwa hiyo damu si nyingi. Fremu nayo imebanwa, upana 1.55 kwa kimo 1: pembeni huoni anayekuja.

Zoezi ninalowapa wanaonijia: msimulie mtu ngano yako kwa mdomo bila kutaja neno mchawi hata mara moja. Akianza kuchezea simu, hofu yako yote ilikuwa kwenye vazi na vipodozi. (Muziki wa kushtua usiutegemee pia, unachosha haraka.)

Mimi niliandika upya mara 4. Mchawi sasa anaingia ukurasa wa 19. Mhariri yuleyule aliurudisha ukiwa na alama moja ya kalamu, pale mama anapokata mkate vipande viwili katika nyumba ya watu wanne.