Programu inagoma e ikiwa 1: achana na 0.99999, tumia mlinganyo wa Barker

Mkuu, umeuliza kwa nini programu yako ya kutafuta mahali ilipo nyotamkia inakwenda vizuri kwenye obiti za duaradufu, halafu ukiipa e = 1 (e ni kipimo cha jinsi obiti ilivyorefuka: chini ya 1 ni duaradufu, 1 kamili ni parabola, zaidi ya 1 ni hiperbola) inakutolea takataka, na kama kuna ubaya wowote ukiidanganya kwa kuandika 0.99999. Nimeandika programu za aina hii na kurekebisha za wengine, na swali hili halikosekani. Kwa kifupi, parabola ndiyo rahisi kuliko obiti zote tatu. Kinachokutesa ni kuilazimisha ipite kwenye milinganyo ya duaradufu.

Tuanze na nishati. Kwenye parabola nishati mwendo na nishati ya mvutano hufutana kabisa, jumla yake sifuri. Ndiyo maana kasi popote pale ni kipeuo cha pili cha 2μ/r, μ ikiwa kipimo cha mvutano wa Jua na r umbali kutoka kwenye Jua. Kwa umbali wa Dunia kutoka kwenye Jua hiyo ni km 42.1 kwa sekunde, wakati Dunia yenyewe inakwenda 29.8, gawanya utapata kipeuo cha pili cha 2. Sasa, nusu ya mhimili mkubwa ni a = q/(1 − e), q ikiwa umbali wa periheli, yaani pale obiti inapolikaribia Jua zaidi. Weka e = 1 na a inatoweka, kipindi nacho kinatoweka, na anomali ya wastani (pembe inayokua sawasawa na muda) ambayo programu yako inaanzia kwayo inabaki haina maana.

Ukiweka 0.99999 je? Chukua q = 0.5 kwa vizio astronomia (kizio kimoja ni umbali wa Dunia kutoka kwenye Jua). Hapo a inakuwa 50,000 na kipindi kinazidi miaka milioni 11. Nyotamkia ikishatoka digrii 90 kutoka periheli, E (pembe saidizi ya duaradufu) ni kama radiani 0.00447, na mlinganyo wa Kepler, yaani anomali ya wastani = E − e·sin E, unakutaka utoe e·sin E kwenye E hadi ubaki na 0.00000006 hivi. Ukitoa namba mbili zinazokaribia kulingana, tarakimu za mwanzo zinafutana. Hapa umepoteza kama tano. Bado una kumi na kitu, kwa hiyo jibu linapendeza na wengi huishia hapo. Halafu anakuja mtu anaongeza tisa nyingine nne ili "iwe sahihi zaidi", na sasa zinapotea tarakimu karibu tisa. Kadiri unavyoikaribia parabola ndivyo hesabu inavyooza.

Kwenye parabola yenyewe, umbali ni r = q(1 + D²), ambapo D ni tanjenti ya nusu ya pembe kutoka periheli. Ukitafuta muda t tangu periheli unapata huu, unaoitwa mlinganyo wa Barker:

D + D³/3 = W, na W = k·t / √(2q³)

Hapa k = 0.01720209895 (namba ya Gauss ya mvutano wa Jua), t kwa siku, q kwa vizio astronomia. Hakuna sin wala cos, na huhitaji kubahatisha na kurudia kama kwa Kepler. Ni mlinganyo wa kipeo cha tatu wenye jibu moja tu halisi. Weka A = 3W/2, kisha B iwe kipeuo cha tatu cha A + √(A² + 1), na D = B − 1/B. Basi.

Jipime na mfano uleule wa q = 0.5. Weka t = 38.755. Utapata A = 2, B = 1.618 (ndiyo, uwiano wa dhahabu, maana 2 + √5 ni mchemraba wake), D = 1, pembe digrii 90, r = 1. Yaani nyotamkia ndiyo inavuka umbali wa Dunia. Ukizidisha siku hizo mara mbili unapata 77.5, na huo ndio muda mrefu kabisa ambao nyotamkia ya parabola inaweza kukaa ndani ya umbali huo. Thamani nyingine yoyote ya q inatoa muda mfupi zaidi. Mimi huufurahia sana mfano huu kwa sababu unaukagua kwa macho tu.

Angalizo moja. Kabla ya periheli t ni hasi, A nayo hasi, na ile A + √(A² + 1) inakurudisha kwenye ugonjwa uleule wa kutoa namba zinazolingana. Kama lugha yako ina sinh na asinh, andika D = 2·sinh(asinh(A)/3) na usahau habari ya B. Inafanya kazi pande zote mbili, hata karibu kabisa na periheli.

Usichukulie kwamba e = 1 kwenye orodha ya nyotamkia ni kipimo. Mara nyingi maana yake ni kwamba kitu kilionekana kwa siku chache na e haikuweza kupatikana, kama zile nyotamkia nyingi zinazopita kando ya Jua zilizoonwa na SOHO, chombo cha angani cha kuchunguza Jua. Mwanaastronomia Edmond Halley mwaka 1705 alitoa obiti za nyotamkia 24, zote kama parabola, na zilitosha kumwonyesha kwamba zile za 1531, 1607 na 1682 ni moja. Hiyo, ambayo leo inaitwa nyotamkia ya Halley, ina e ya 0.967!

Kwa zilizo jirani na parabola, tuseme kati ya 0.98 na 1.02, usitumie Barker wala Kepler. Tumia kigezo cha jumla χ, kinachofaa kwa obiti zote tatu: √μ·t = qχ + eχ³·S(αχ²), ambapo α = (1 − e)/q, μ ni k² na S ni fanksheni ya Stumpff, ambayo kwenye sifuri ni 1/6. α haigawanywi kwa sifuri kamwe. Weka e = 1, χ = D√(2q), na Barker anatokea mwenyewe. Hii inatatuliwa kwa njia ya Newton ya kukisia na kurudia, na jibu la Barker ni mahali pazuri pa kuanzia. S ihesabu kwa mfululizo pale αχ² ikiwa ndogo, la sivyo utarudi palepale kwenye tarakimu zinazofutana.