Vumbi kwenye kioo cha darubini: usikimbilie kuosha

Kiangazi kikikolea hapa Moshi, wenye darubini za aina ya Newton (zenye kioo kikuu chini ya bomba cha kukusanya mwanga, na kioo kidogo cha kuuelekeza kwenye jicho) huniuliza swali lilelile: kioo kimejaa vumbi, nioshe na nini? Jibu langu ni kwamba usioshe bado. Vumbi jepesi halipunguzi mwanga kiasi cha jicho kugundua. Zohali ikionekana na ukungu, mara nyingi vioo vimeacha kutazamana sawasawa, hasa kama darubini imesafirishwa kwenye barabara ya makorongo.

Utando wa alumini juu ya kioo una unene wa takriban sehemu 1 kati ya 10,000 ya milimita, na vumbi letu la udongo wa volkano lina chenga kali. Ukifuta kwa kitambaa, mikwaruzo haitatoka tena. Kama ni lazima, puliza kwanza, kisha laza kioo kwenye beseni lenye taulo, maji ya vuguvugu na tone la sabuni ya vyombo. Uchafu uliogoma uvutie pamba ndani ya maji bila kukandamiza, mara moja tu, kisha itupe. Suuza mwisho kwa maji yaliyotoneshwa, yaani yasiyo na chumvi, maana ya bomba huacha madoa ya chumvi. Ukiyanunua dukani kwa spea, sema wazi unataka maji ya kuongezea betri, si tindikali, na usome chupa. Wauzaji wengine huviita vyote maji ya betri.

Ukirudisha kioo, usikaze vishikizo. Kikibanwa, nyota huota pembe tatu.

Sasa kupanga vioo vitazamane sawasawa. Laza bomba la darubini, bisibisi isije ikaangukia kioo. Chungulia kwenye kifuniko chenye tundu katikati, ulichokiweka mahali pa lenzi ya jicho: rekebisha kioo kidogo hadi uone kioo kikuu chote, ndipo ugeuze skrubu za nyuma hadi alama ya katikati ya kioo kikuu ikutane na taswira ya tundu.

Miongozo ya Ulaya na Marekani husema uhakikishe mpangilio kwa Polaris, nyota ya kaskazini, kwa kuwa karibu haisogei. Kwetu, nyuzi 3 kusini mwa ikweta, nyota hiyo haichomozi kabisa. Mimi hutumia Canopus, yaani Suheli, jioni za Februari na Machi. Iko juu vya kutosha, na husogea polepole kuliko nyota za utosini. Ikuze sana, uivuruge fokasi kidogo. Nyota itageuka miduara; ikiegemea upande, gusa skrubu za kioo kikuu kidogo sana, na kila ukigusa irudishe nyota katikati kabla ya kutazama tena.