Kijani cha lebo: majibu kwa wasomaji

Barua nyingi mwezi huu zinahusu bidhaa zinazojinadi kuwa rafiki wa mazingira. Nimejibu chache.

Nina duka la rejareja Morogoro. Wakala ameniletea mifuko ya kubebea iliyoandikwa "huoza yenyewe". Anaapa kuwa si plastiki. Niichukue?

Kata kipande, toka nje, kisogeze kwenye moto. Karatasi na pamba huungua na kubaki majivu. Plastiki hunywea, huyeyuka na kudondoka. Ukiona inadondoka, mrudishie mzigo wake.

Mifuko mingi yenye maneno hayo ni plastiki ileile, ila imetiwa chumvi za metali, kama kobalti au manganizi, ili jua na hewa viipasue upesi. Kupasuka si kuoza. Mfuko mmoja unageuka maelfu ya vipande usivyoweza hata kuviokota. Umoja wa Ulaya ulipiga marufuku bidhaa za plastiki ya aina hiyo kuanzia Julai 2021. Kwetu, marufuku ya 1 Juni 2019 iligusa mifuko yote ya plastiki ya kubebea, iwe minene au myembamba, kwa hiyo maneno ya lebo hayatakuokoa siku ya ukaguzi.

Na ile tunayoiita mifuko mbadala, inayofanana na kitambaa? Wengi hushangaa nikiwaambia kuwa nayo ni plastiki, nyuzi za polipropilini zilizogandamizwa pamoja. Faida yake ni moja tu: ikiwa imara, kuanzia GSM 70 (yaani gramu 70 kwa kila mita ya mraba), mteja ataitumia tena na tena. Ile laini inayochanika kabla hujafika stendi ni rambo iliyobadili nguo.

Usiikatae kila bidhaa inayosema inaoza, lakini uliza inaozea wapi na kwa muda gani. Vikombe vinavyotengenezwa kwa wanga wa mahindi huoza kweli, ila huhitaji mtambo wa mboji wenye joto la karibu nyuzi 58. Kwenye jalala la mtaani vitakaa tu.

Nasafisha vyumba katika hoteli pwani ya mashariki ya Unguja. Tunaweka kadi: "Tunza bahari, tumia taulo lako tena." Wageni wanafurahi, lakini bwawa la kuogelea linajazwa kila mara na jenereta hailali. Tunawadanganya?

Ndugu yangu, kadi yako ndiyo babu wa ukoo huu wote. Mwaka 1986 mwanamazingira wa Marekani, Jay Westerveld, aliandika kuhusu kadi kama hiyo aliyoikuta katika hoteli moja ya visiwa vya Pasifiki. Wenye hoteli walihubiri taulo huku wakizidi kupanua majengo. Akaipa tabia hiyo jina la Kiingereza, "greenwashing", ambalo mimi hulitafsiri "kupaka kijani".

Hata hivyo, kadi si uongo. Taulo lisilofuliwa limeokoa maji, na Unguja maji ya visima vya pwani si ya kuchezea, kwani ukiyavuta kupita kiasi chumvi ya bahari inaingia. Kasoro ni kwamba mgeni anaonyeshwa taulo asije akauliza habari za bwawa, majitaka na dizeli. Ningekuwa bosi wako ningeandika: "Ukitumia taulo tena utatupunguzia gharama za maji na umeme." Mgeni atatumia vilevile, na hakuna atakayekuwa amedanganywa.

Dawa yangu ya mbu ya kupuliza imeandikwa "Haina CFC". Ni bora kuliko nyingine?

Hapana. CFC ni gesi zinazoharibu tabaka la ozoni, nazo ziliondolewa sokoni dunia nzima kupitia Mkataba wa Montreal wa 1987. Ni sawa na muuza maziwa kuandika kwenye ndoo yake "hayana petroli".

Chini ya kopo la mtindi kuna pembetatu ya mishale na namba 5. Maana yake litarejelezwa?

Namba hizo zilibuniwa na chama cha viwanda vya plastiki cha Marekani mwaka 1988, na hutaja aina ya plastiki, basi. Kama kopo litarejelezwa au la, muulize anayenunua plastiki kwa kilo mtaani kwako. Asipolipokea, mishale ile ni mapambo.

Wakubwa nao wamenaswa hapo. Mwaka 2022 kampuni ya Keurig nchini Kanada ilikubali kulipa faini ya dola milioni 3 za huko, kwa kudai vikopo vyake vya kahawa vinarejelezwa wakati miji mingi haikuwa ikivipokea.

Shirika la ndege linaniambia nikiongeza pesa kidogo za kupanda miti, safari yangu haina madhara. Nilipe?

Ukitaka kuchangia miti, changia. Ila moshi umeshatoka, na mti unahitaji miaka mingi ya kuishi bila kukatwa wala kuungua. Machi 2024 mahakama ya Amsterdam ilipitia kauli 19 za matangazo ya KLM, shirika la ndege la Uholanzi, ikaona 15 zinapotosha.

Nimeshanunua, nimeshapigwa. Niende wapi?

Tanzania, Tume ya Ushindani, chini ya sheria ya mwaka 2003. Kenya, Mamlaka ya Ushindani, chini ya sheria ya 2010. Usitupe pakiti wala risiti, na lipige picha tangazo kabla hawajalibandua.