Diski za kiuno zimechakaa: je, niache cherehani?

Swali: Mimi ni fundi cherehani mwenye umri wa miaka 47. Kiuno kinanisumbua kwa muda mrefu, na majibu ya kipimo cha MRI yanasema diski za L4-L5 na L5-S1, yaani mbili za chini kabisa kiunoni, zimechakaa. Nimeshauriwa nivae mkanda na nisiiname tena. Je, nitapooza? Niache kazi?

Jibu: Kwa maelezo uliyotoa, sioni sababu ya kukutabiria kupooza wala ya kukuachisha kazi. Diski iliyo kati ya pingili mbili ina kiini laini kilichojaa maji, na kadiri umri unavyosonga maji hayo hupungua, diski ikasinyaa na kuonekana nyeusi kwenye picha. Uchambuzi wa tafiti uliochapishwa mwaka 2015 ulikadiria kwamba hali hiyo huonekana kwa takriban asilimia 80 ya watu wa miaka 50 wasio na maumivu yoyote ya mgongo. Picha peke yake, basi, haipimi maumivu yako.

Kinachostahili kubadilika ni ukaaji wako. Tafuta kiti kitakachoziweka nyonga juu kidogo ya magoti, kisogeze karibu na meza ili usilazimike kuifuata sindano kwa kuinama, na kila unapobadilisha uzi simama utembee hatua chache. Kuinama si mwiko. Tatizo ni kubaki umeinama saa nzima. Mkanda unaweza kukupa nafuu siku maumivu yanapozidi, lakini hautibu diski, na mimi singependa uutegemee kila siku. Anza kutembea dakika 10 hadi 15 kwa siku, uongeze taratibu, na umwone mtaalamu wa fiziotherapia akufundishe mazoezi ya kuimarisha misuli ya tumbo, mgongo na makalio. Diclofenac, dawa ya kutuliza maumivu ambayo wengi huinunua duka la dawa na kuimeza kwa wiki kadhaa bila kuuliza, huweza kudhuru tumbo na figo.

Upasuaji hufikiriwa zaidi pale mshipa wa fahamu unapobanwa. Ukipata ganzi kwenye makalio au sehemu za siri, ukishindwa kukojoa au kuzuia haja, au mguu ukikosa nguvu hata ndala ikakuvuka, nenda hospitali siku hiyohiyo. Homa, jasho la usiku na kupungua uzito pia visisubiri, kwa kuwa huenda ni kifua kikuu cha uti wa mgongo, ambacho matibabu yake ni tofauti kabisa.