Kwa nini alazwe ubavu wa kushoto

Pole sana dada. Umeuliza kwa nini wifi yako, mwenye mimba ya miezi 7 na kifafa cha mimba (degedege linaloletwa na presha ya ujauzito), analazwa ubavu wa kushoto huko ICU (chumba cha wagonjwa mahututi) Kampala, na kama ile dawa ya magnesiamu itamdhuru mtoto. Akilala chali, mfuko wa uzazi hukandamiza mshipa mkubwa unaorudisha damu moyoni. Presha hushuka, mtoto naye hukosa damu. Magnesiamu salfeti ndiyo dawa hasa ya kifafa cha mimba, waacheni wampe. Msishangae wakimgonga goti kila mara na kupima mkojo: wanaangalia dawa hiyo isizidi mwilini. Wakiamua kumzalisha mapema msipinge, maana kifafa hicho huanza kutulia kondo la nyuma likishatoka.