Mini ya 1972 imelala mbele kushoto

Ndugu yangu, unasema Mini yako, lile gari dogo la Kiingereza, imelala (imeshuka) mbele kushoto na fundi anataka kubana washa, yaani vile vibati vya duara, chini ya raba inayolibeba ili liinuke. Mwambie asubiri kwanza.

Gari hili halina springi za chuma. Linabebwa na koni za raba zilizobuniwa na mhandisi Mwingereza Alex Moulton, nazo husinyaa kadiri miaka inavyopita. Jaza matairi upepo sawa pande zote, sukuma gari mbele na nyuma kidogo, kisha pima toka katikati ya habu (kitovu cha gurudumu) hadi ukingo wa madigadi. Halafu kagua kile kibolijointi kidogo kwenye ncha ya trampeti, yaani kile chuma chenye umbo la tarumbeta kinachounganisha koni na mkono wa gurudumu. Kikombe chake cha plastiki kikilika, gari linashuka hata raba ikiwa nzima, na washa zitaficha tu ubovu.

Raba ikiwa ngumu na imepasuka, badilisha zote mbili za mbele. Tumia kifaa maalumu cha kuibana, tafadhali sana: ile raba ina nguvu ya kuvunja mkono. Koni mpya hushuka tena zikianza kutumika, kwa hiyo endesha wiki kadhaa ndipo urekebishe kimo kwa trampeti za nati, zile zinazorefushwa au kufupishwa kwa kuzungusha nati. Mwisho, alaimenti, yaani kunyoosha magurudumu.