Maswali na Majibu: Kabla ya AC, Tazama Paa Lako

Joto limeanza kubana Dar na maswali ni mengi. Yanayofanana nimeyaunganisha.

Chumba changu ni mita nne kwa nne. Nifunge AC ya ukubwa gani? (Tabata, Kimara, Mbezi Beach na wengine)

Swali hili linakuja kila wiki, na kila wiki limekosa mambo yale yale. Juu ya chumba kuna ghorofa au bati? Dirisha linatazama wapi? Wanalala watu wangapi? Anayekutajia namba bila kuuliza hayo anabahatisha. Chumba chenye ghorofa juu yake na dirisha lililo kivulini kinatosheka na BTU 9,000 (BTU ni kipimo cha nguvu ya AC ya kupoza). Chumba hicho hicho kikiwa chini ya bati tupu, dirisha likitazama magharibi, kitahitaji 12,000. Hizo 3,000 za ziada ni jua, na utalilipia jua hilo kwenye LUKU kila mwezi.

Wala usinunue kubwa ili ipoze haraka. AC iliyozidi chumba inafikia nyuzi ulizoweka kwa dakika chache, kompresa (pampu inayosukuma gesi) inazima kabla AC haijakausha hewa, na unabaki na chumba cha baridi chenye shuka zinazonata.

Shikamoo. Nimehamia nyumba mpya Kinyerezi, ya kisasa, paa limefichwa nyuma ya ukuta. Saa nane mchana hakukaliki, na hata saa nne usiku fukuto lipo. Siling ni jipsamu. Niongeze AC ya pili?

Marahaba. Usiongeze AC. Bati kwenye jua kali la mchana linaweza kupita nyuzi 60, na joto hilo linashuka moja kwa moja kwenye siling. Jipsamu ya milimita 9 ni pambo, haizuii joto. Katika paa la kuficha, kuta zimeizingira hewa ya darini na haina pa kutokea, hivyo inachemka juu ya kitanda chako.

Anza na matundu. Bati lako limeinamia upande mmoja, kwa hiyo toboa matundu ya kuingizia hewa upande wa chini na ya kutolea upande wa juu, yote yakiwa kati ya siling na bati. Yafunike kwa wavu mgumu, la sivyo popo watahamia. Kisha funga karatasi ya foili chini ya bati, uso unaong'aa ukitazama chini, ukiacha nafasi ya hewa isiyopungua milimita 25. Mafundi wengi wanaibana foili ikagusana na bati, na kinga yake inapungua. Wengine wanailaza juu ya siling uso ukitazama juu, na vumbi linaimaliza nguvu. Mwisho, osha bati, piga praima, halafu rangi nyeupe ya bati, na ulioshe vumbi kila mwaka.

Joto la saa nne usiku linatoka ukutani. Tofali za saruji zinameza jua mchana kutwa na kulitema usiku, na nyumba yako haina paa linalotokeza nje kuzikinga. Dar iko karibu nyuzi 7 kusini mwa ikweta: jua la mchana linaegemea kaskazini mwezi Juni na kusini mwezi Desemba, lakini huwa juu sana. Ukuta wa kaskazini na wa kusini unakingwa vizuri na paa lililotokeza sentimita 60 hadi 90. Mashariki na magharibi jua linaingia chini chini, paa halifiki. Huko panda miti, jenga baraza au ukuta wa matofali ya matundu mbele ya dirisha.

Nasema wazi: nyumba hizi zinapendeza kwenye picha, lakini hazikuchorwa kwa ajili ya mji huu. Nyumba ya Kiswahili ya Kariakoo na Ilala ilikuwa na baraza mbele, paa lililotokeza, na ukumbi wa katikati ulionyooka hadi uani ili upepo upite. Mchoraji wako akikuletea ramani isiyo na kivuli hata kimoja, mrudishie.

Kipoza hewa cha kuweka maji kinafaa badala ya AC?

Hapa, hapana. Kinapoza kwa kugeuza maji kuwa mvuke, na hewa ya Dar imeshiba mvuke tayari. Dodoma kinafaa.

Fundi anakuja kuongeza gesi kila mwaka. Ni kawaida?

Si kawaida. Gesi ya AC haiishi kama petroli. Inazunguka ndani miaka yote. Ikipungua, inavuja, na mara nyingi ni kwenye nati za kopa. Mwambie fundi ajaze naitrojeni, apake povu la sabuni kwenye viungo, arekebishe panapovuja, avute hewa kwa pampu ya vakyumu kwa nusu saa, ndipo ajaze gesi kwa kupima kwenye mzani. Asiye na pampu wala mzani usimruhusu aiguse. Unyevu ukibaki ndani unageuka asidi na kula kompresa. Gesi pia hazichanganywi: soma kibandiko kama ni R22, R410A au R32, na R32 inashika moto, hivyo hakuna kuchomelea kopa ikiwa imo.

Walio Kigamboni na Msasani, osheni kifaa cha nje cha AC kwa maji yasiyo na chumvi kila mwezi. Chumvi ya bahari inakula mapezi yake, yaani vile vibati vyembamba vya kutolea joto.

AC niiweke 16 au 24? Umeme unaisha mno.

Weka 26 na uwashe pangaboi. Upepo wake unaufanya mwili uhisi nafuu ya nyuzi mbili au tatu. Ukiweka 16 chumba hakifiki huko, kompresa haipumziki. AC ya BTU 12,000 isiyopumzika inakula kama uniti moja kwa saa: saa kumi ni uniti kumi, karibu shilingi 3,500 kwa usiku mmoja. Pangaboi la wati 75 kwa saa hizo hizo halifiki shilingi 300. Na wewe uliye kundi la D1, la umeme wa bei nafuu kwa wasiozidi uniti 75 kwa mwezi, AC itakutoa humo.

Tunalala na AC, tumeziba kila mwanya. Mbona tunaamka na kichwa kizito?

Kwa sababu AC ya ukutani haileti hewa mpya. Inaizungusha ile ile mliyokwisha kuipumua. Hewa ya nje ina kaboni dayoksaidi sehemu 420 hivi kwa milioni. Chumba kilichozibwa chenye watu wawili kinaweza kupita 2,000 kabla ya alfajiri. Acha dirisha wazi upana wa vidole viwili, wavu wa mbu ukiwa mahali pake, na asubuhi fungua pande mbili kwa robo saa.

Kuziba huku kunanitia hofu kwa jambo jingine. Jiko la mkaa lisiingie ndani hata likiwa limefifia, na jenereta isiwekwe kibarazani wala chini ya dirisha. Vyote viwili vinatoa gesi ya sumu, kaboni monoksaidi, isiyo na harufu, na aliyelala haamki.

Koga nyuma ya kabati inarudi kila nikipaka rangi.

Sogeza kabati sentimita 10 kutoka ukutani, kwangua koga, osha kwa jiki iliyozimuliwa dirisha likiwa wazi, acha pakauke kabisa ndipo upake. Kama ni chini tu, kimo cha magoti, na rangi inapukutika ikiacha unga mweupe, hiyo si koga. Ni chumvi inayopandishwa na maji ya ardhini, na dawa yake iko kwenye msingi.